Mlio wa Kutoka Konani

Kwa miaka thelathini na mmoja alijalidi vitabu katika maktaba ya chuo kikuu, na wanafunzi, ambao ni nadra kumwachia mtu jina alilopewa na wazazi wake, walimwita Mzee Gundi. Walianza kumwita hivyo angali kijana mwenye nywele nyeusi tititi. Uzee ulipofika ulilikuta jina limekwisha kuuandalia kiti, ukaketi.

Sasa alikuwa amestaafu, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Humo, juu ya meza ndefu ambayo maktaba ilimuuzia kwa bei ya kuni, zilipangwa bahasha mia mbili na kumi na mbili. Kila bahasha ilikuwa na kipande cha pikipiki: skrubu, springi, washa, kipande cha waya, pini nyembamba kama mwiba wa samaki. Na juu ya kila moja palikuwa na maelezo ya penseli, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima: kipande kilitoka wapi, kilipakana na nini, na kilikuwa katika hali gani siku kilipotolewa.

Ndivyo alivyofundishwa kukifungua kitabu cha kale. Huondoi kitu kabla ya kuandika ulipokikuta. Hufanyi jambo ambalo fundi wa miaka mia ijayo hataweza kulitengua. Na alama aliyoiacha msomaji pambizoni huifuti, hata ikiwa ni doa la chai, kwa sababu nayo imekwisha kuwa sehemu ya kitabu. Pikipiki, kwa maoni yake, ilikuwa kitabu chenye kurasa za chuma, na hakuona sababu ya kubadili mwenendo uzeeni.

Pikipiki yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu mkewe, aliyekuwa muuguzi wa zahanati na ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini aliitumia kuizunguka mitaa kuwaona wanawake waliojifungua na watoto wao wachanga. Mtaa mzima ulimwita Nesi. Mumewe naye alimwita Nesi, mwanzo kwa mzaha, baadaye kwa mazoea, na mwishoni kwa sababu jina jingine lolote lingesikika kama la mtu mwingine. Mzee Gundi hakupata kujifunza kuendesha. Yeye alikuwa mtu wa kukaa nyuma. Siku za mvua Nesi alimpitia maktaba, naye alipanda mbele ya macho ya wanafunzi, mkoba mgongoni, mikono kiunoni mwa mkewe, huku wakimpigia kelele kutoka varandani: "Ganda hapohapo, Mzee Gundi, usibanduke."

Kwamba alikuwa akiifufua pikipiki asiyojua kuiendesha ni jambo lililomnyima raha fundi wake. Fundi huyo alikuwa na gereji ndogo mtaa wa pili, na watu walimwita Kimya kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Alikuja alasiri mbili kwa wiki kufanya zile kazi zilizohitaji mkono wa fundi hasa, na mdomo wake ulifanya kazi zaidi ya mikono.

"Mzee, nikuulize kitu, na usinune," alisema siku moja, akiwa amechuchumaa kando ya injini. "Hii ikishawaka, nani ataipanda?"

"Tutaona."

"Binti yako?"

"Anaogopa hata baiskeli."

"Wewe?"

"Mimi nakaa nyuma."

Kimya aliitazama injini kana kwamba ingemsaidia kumwelewesha mzee. "Nyuma ya nani?"

Mzee Gundi alichukua bahasha namba tisini na nne, akaisoma, akairudisha palepale ilipokuwa.

"Sisemi kwa ubaya," Kimya aliendelea, kwa sababu ukimya wa mwenzake kwake ulikuwa mlango uliofunguliwa. "Pesa uliyoimwaga hapa ungenunua mpya, na chenji ikatosha kumweka dereva akubebe mwaka mzima kama bwana harusi. Na muda je? Miaka miwili na nusu. Kuna watu wameoa, wamezaa na wameachana katika muda huo. Mmoja wao ni mimi."

"Mpya italia kama mpya," alisema Mzee Gundi.

"Italia kama pikipiki."

"Ndiyo maana."

Walikuwa wamegombana mara moja tu, na ilikuwa juu ya kava la cheni. Lilikuwa bati lililopinda, lililogonga fremu kila injini iliposhuka kasi, na Kimya alikuwa ameleta jipya, bila kuombwa, akijua amefanya wema. Mzee Gundi alilikataa. Alisema hiyo ni alama ya msomaji. Kimya aliuliza msomaji gani, kisha alikwenda zake na bati lake kwapani, akizungumza peke yake mpaka alipopotea konani.

Mara nyingine, badala ya kugombana, walicheka, au angalau Kimya alicheka. Ilikuwa siku ya gasketi, ile karatasi ngumu inayobanwa kati ya vyuma viwili ili mafuta yasivuje. Mzee Gundi aliikuta ya zamani imechanika. Aliichora kwenye kadi bora aliyokuwa nayo, ile ya majalada ya vitabu adimu, akaikata kwa kisu chake kwa usahihi ambao hata kiwanda kingeuonea wivu, kisha akaigandisha kwa gundi aliyoiamini kuliko zote, ya unga wa ngano, kwa sababu gundi ya unga hutenguka kwa maji bila kuumiza ukurasa. Kimya alipomimina mafuta na kupiga kiki, injini ilikohoa, na ute mzito wa rangi ya kahawia ukaanza kuchuruzika ubavuni mwake. Kimya aliugusa kwa kidole, akaunusa, akamtazama mzee.

"Umetia nini?"

"Gundi."

"Ya nini?"

"Ya unga."

Kimya alikaa chini juu ya debe. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko. "Sasa, Mzee, niambie mapema nijipange. Tunawasha au tunakaanga?"

Mzee Gundi naye alitabasamu, na jioni ile, alipokuwa akila peke yake, alijikuta ameinua uso kuelekea kiti cha pili ili kusimulia. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kumtoka. Alilimalizia kimoyomoyo, kwa heshima ya kiti.

Kumbe kazi hiyo haikuanza kama kazi. Ilianza kama kisingizio.

Mwaka mmoja baada ya mazishi ya Nesi, Mzee Gundi aliugua homa, akalala siku tatu bila mtu kujua. Siku ya nne jirani aliona gazeti la juzi bado limekwama kwenye geti, akampigia simu binti yake, mtoto wao pekee, mhasibu katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari. Binti alifika akiwa amevaa viatu viwili tofauti. Alimuuguza baba yake wiki nzima, na siku ya kuondoka alikaa ukingoni mwa kitanda akasema jambo alilokuwa amelibeba tangu afike.

"Baba, huwezi kubaki hapa peke yako. Nina chumba. Kina dirisha kubwa, nimeshakipaka rangi."

Hakuwa na hoja ya kumpinga. Alitazama nje ya dirisha, akaliona turubai lililofunika pikipiki tangu Nesi alipostaafu, miaka sita nyuma, na akasikia mdomo wake ukisema, "Acha kwanza niitengeneze ile ya mama yako. Ikiwaka, nakuja."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Binti alidhani anazungumzia mwezi mmoja. Hakumjua baba yake kwenye kazi; hakujua kwamba aliwahi kukaa na kamusi moja kwa miaka mitano.

Tangu hapo kila Jumapili, saa kumi, simu ililia kwenye rafu kando ya dirisha la jiko. "Shikamoo, Baba. Umekula?" Kisha, baada ya mazungumzo ya hapa na pale: "Na ile kitu? Imefikia wapi?" Naye alieleza kwa ukweli mtupu, kwani hakuwa na haja ya uongo. Panya walikuwa wamekula nyaya. Silinda ilikuwa na kutu. Kabureta ilikuwa imejaa masalia ya petroli yaliyoganda kama asali. Kila ubovu alioukuta aliupokea kwa shukrani ambayo aliificha vizuri.

Lakini kisingizio kilikuwa na mzizi wake. Alikuwa na jambo alilolitaka, na alilitaka tangu siku aliporudi makaburini, alipokaa jikoni na kugundua kwamba saa kumi na mbili imefika na kupita bila ishara yoyote.

Miaka yote ile, isipokuwa siku za mvua, yeye ndiye aliyetangulia kufika nyumbani. Alipika, akangoja. Na kabla ya saa kumi na mbili jioni mlio wa pikipiki ulisikika kutoka konani: Nesi akipunguza gia, injini ikikohoa mara mbili, bati la cheni likigonga fremu kwa haraka, kisha mngurumo ukitulia. Kutoka jikoni mpaka kwenye geti zilikuwa hatua kumi na tisa. Geti lilikuwa zito na bawaba yake ya juu ilikuwa imelegea, kwa hiyo ilibidi alinyanyue kwa mkono wa kushoto huku akilivuta kwa wa kulia, nalo lilipiga kelele likikwangua sakafu, ambayo ilikuwa na mkwaruzo wa nusu duara kama mwandiko wa mtoto. Akianza kutembea kwenye kikohozi cha kwanza, alifika na kufungua wakati uleule Nesi akiwasili, na Nesi aliingia moja kwa moja bila kukanyaga chini. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya maisha yake, ingawa hakumwambia mtu: kwamba katika miaka yote hiyo, kila alipomngojea ndani, mkewe hakulazimika hata siku moja kuweka mguu chini nje ya geti lake mwenyewe.

Alitaka kuusikia mlio huo tena. Mara moja. Na bei yake aliijua: mara moja hiyo ikipatikana, ahadi ilimtaka aihame nyumba ambamo ungeweza kusikika.

Siku alipokibandua kiti ili abadilishe ngozi yake, alikuta chini yake kifurushi kilichofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na penseli fupi, bandeji, na koti la mvua lililokunjwa mara nyingi mpaka likawa dogo kama daftari. Lilikuwa koti lake mwenyewe. Alilipoteza miaka mingi nyuma na kumshuku mfagizi wa maktaba, tena kwa uzito kiasi kwamba alikuwa ameacha kumsalimia. Kumbe Nesi alikuwa akitembea nalo, kila siku, kwa ajili ya siku ambayo mvua ingewakuta barabarani na mumewe amesahau koti jipya, siku ambayo haikufika. Mzee Gundi alikaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha alilitia kwenye bahasha, akachonga penseli, na kwa mara ya kwanza hakujua aandike nini. Aliandika: *Chini ya kiti. Hali nzuri.*

Injini iliwaka mwezi wa saba wa mwaka wa tatu, Jumanne, saa tisa alasiri. Kimya alipiga kiki mara nne; ya tano ikashika, na kibanda kizima kikatetemeka. Moshi wa buluu ulitanda, ukapungua, ukakata. Kimya alizungusha mkono wa mafuta, uso umemeremeta kama wa mtu aliyepata mtoto.

"Sikiliza hiyo. Sikiliza, Mzee. Saa ya ukutani hiyo."

Mzee Gundi alisikiliza, ameinamisha kichwa, mikono nyuma. Alisikiliza muda mrefu. "Zima," alisema.

"Vipi?"

"Sio wenyewe."

"Wenyewe upi?"

"Mlio si ule."

Kimya alizima, akajifuta mikono taratibu. Alieleza, kwa maneno mengi hata kwa kipimo chake, kwamba injini iko sawa, kwamba angeweka shingo yake rehani. Mzee Gundi alimshukuru, akamsindikiza, akarudi kibandani. Jumapili, simu ilipouliza imefikia wapi, alisema bado inahitaji marekebisho kidogo. Haikuwa uongo kamili, na kwa kuwa haikuwa uongo kamili ilimkaa vibaya zaidi.

Wiki ile akaifungua kabureta, akaisafisha na kuirudisha. Kimya alikuja, wakawasha. Sio. Akakifungua kichwa cha silinda. Sio. Mara ya tatu Kimya alifika, akainama kuiangalia injini, akabaki ameinama.

"Hii nati niliikaza mimi mwenyewe wiki iliyopita," alisema. "Nikaitia alama ya rangi. Alama imevunjika. Nani kaifungua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakagua."

Kimya alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikaa muda bila kusema kitu, na jina lake likamstahili. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini. "Mzee, nimefanya kazi hii tangu nina meno ya utotoni. Nimeona watu wanaozivunja pikipiki zao kwa ulevi, na kwa hasira, na ili wamtapeli mwenye bima. Sijaona anayeivunja kwa mikono misafi, halafu akaweka vipande kwenye bahasha. Hutaki iwake."

"Nataka sana."

"Basi inakuogopesha ikiwaka."

Mzee Gundi aliketi kwenye debe. Akamweleza habari ya ahadi, yote, lakini habari ya mlio alishindwa kuieleza. Alianza mara mbili, akaona inageuka kuwa kitu kidogo mno mdomoni. Kimya alisikiliza, akakuna kidevu kwa spana.

"Sawa," alisema hatimaye. "Hayo ya kwako na binti yako ni ya kwenu, mimi mkono wangu haumo. Ila nikiifunga leo, usiifungue. Unaiumiza. Unaziumiza nati."

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwingia. Alijua kitabu kinachofunguliwa na kushonwa mara nyingi hufa kwenye matundu ya sindano.

Kimya alimaliza saa kumi na moja kasoro. Tangi lilikuwa karibu tupu, kwa hiyo aliitoa pikipiki nje ya geti aipeleke kituo cha petroli mwenyewe, na aione njiani inakwendaje. Mzee Gundi alifunga geti nyuma yake kwa sababu ya mbuzi wa jirani, akaingia jikoni kuosha vikombe vyao viwili.

Alikuwa na kikombe cha pili mkononi, maji yakitiririka. Hakuwa akiwaza kitu chochote. Ndipo kutoka konani injini ikakohoa mara mbili.

Hakuamua kutembea. Mikono iliweka kikombe, ikajifuta kwenye shati. Miguu ikashika njia yake. Bati la cheni liligonga fremu, haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango anaoujua, kisha mngurumo ukatulia, ukaja, ukipita nyumba ya jirani, ukipita ukuta, mnene na wa mbali kidogo, umelainishwa na matofali na umbali. Na palepale, katikati ya hatua hizo, alielewa. Hakuna ubovu uliokuwapo kwenye kabureta. Kibandani alikuwa akiusikiliza mlio kutoka mahali ambapo hakupata kusimama maishani mwake. Alipokuwa nyuma ya Nesi alisikia upepo na mgongo wa Nesi. Mlio alioujua ulikuwa wa mtu anayekuja, na wa mtu anayengojwa, na usingeweza kupatikana na mtu mmoja peke yake hata angekuwa na spana zote za dunia.

Hatua kumi na tisa. Alilinyanyua geti kwa kushoto, akalivuta kwa kulia, nalo likapiga kelele yake. Pikipiki iliingia bila kusimama.

Kimya, aliyekuwa amekwisha kujiandaa kukanyaga chini, alirudisha mguu juu kwa mshangao, akapita mpaka uani, akazima.

"Umejuaje nimefika?"

Mzee Gundi alikuwa bado amelishika geti. Alitazama barabara iliyokuwa tupu, kisha akamtazama yule mtu mwenye ovaroli juu ya kiti kipya. Kwa urefu wa mtaa mmoja hakuwa peke yake. Sasa alikuwa peke yake tena, na upweke ulirudi na kukaa mahali pake bila kubisha hodi.

"Nimesikia," alisema.

"Ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe."

Kimya alifungua mdomo, akamtazama usoni, akaufunga. Aliiegesha pikipiki kibandani, akakusanya spana zake, akaaga kwa kuinua mkono tu.

Kwa kila kitabu alichokitengeneza, Mzee Gundi aliweka karatasi ndani ya jalada la nyuma: kilichofanyika, tarehe, saini. Pikipiki nayo ilikuwa na karatasi yake. Aliikalia siku tano bila kuandika mstari wa mwisho. Alijua hakuna mtu angemfuatilia. Binti yake asingejua tofauti ya gasketi na bahasha. Angeweza kumwambia mwaka mzima kwamba bado kidogo, na kila wiki angemtuma Kimya akajaze petroli, na kila wiki angetembea hatua zake kumi na tisa. Aliliwaza hilo kwa uzito. Aliliwaza hata akapanga siku.

Jumapili, kabla ya saa kumi, alichonga penseli. Katika maisha yake alikuwa ameandika mamia ya karatasi hizo, na hakuna hata moja iliyosema jambo ambalo halikuwa. Aliandika *Kazi imekwisha*, akatia saini. Simu ilipolia hakungoja salamu imalizike.

"Imewaka, mwanangu," alisema.

Upande wa pili alisikia televisheni ikizimwa. "Imewaka kweli?"

"Kweli. Tangu Jumanne. Na kwa hakika, tangu mwezi uliopita."

Binti hakumuuliza kwa nini hakusema. "Basi nakuja Jumamosi na gari," alisema polepole. "Baba, uko sawa?"

"Niko sawa. Njoo na masanduku ya vitabu, yenye vyuma pembeni. Ya kawaida yanapasuka."

Jumamosi nyumba ilikunjwa kabla ya saa nane mchana. Ni ajabu jinsi miaka inavyobebeka. Lori dogo lilitangulia na kitanda, meza na masanduku. Kimya alikuja kuichukua pikipiki. Mahali pa kwenda palikuwa ghorofa ya tatu, na hakuna aliyekuwa amejifanya kwamba ingepanda ngazi. Pamoja nayo Mzee Gundi alimkabidhi sanduku la bahasha zenye vipande vibovu vilivyobadilishwa.

"Vyuma vibovu nivifanyie nini?"

"Vikae nayo. Vinaeleza ilikuwaje."

"Na kava jipya la cheni? Bado ninalo."

"Kaa nalo."

"Niliogopa utasema hivyo."

Binti alikuwa amesimama kando, funguo za gari mkononi, akimtazama baba yake kuliko alivyoitazama pikipiki. Mzee Gundi alimwomba Kimya aende mpaka kituo cha petroli na kurudi. Kisha akamwambia binti yake, kwa aibu ya mtu anayeonyesha kitu cha thamani kilichofungwa kwenye gazeti, "Njoo jikoni usikie."

Walisimama jikoni, ambako sasa hapakuwa na rafu wala vikombe, na sauti zao zilirudi kutoka ukutani. Walingoja. Kutoka konani injini ikakohoa mara mbili, bati likagonga. Alimtazama binti yake. Uso wa binti ulikuwa umejikunja kwa juhudi, kama wa mtu anayeulizwa jina la jamaa wa mbali.

"Umesikia?"

"Nasikia, Baba." Alikuwa mhasibu, na hakuzoea kuandika tarakimu isiyokuwepo. "Siukumbuki. Nisamehe. Ni kama pikipiki nyingine."

Hakuwa na muda wa kuumia. Mngurumo ulikuwa umekwisha kufika kwa jirani, na miguu yake ilikuwa njiani. Alilinyanyua geti, akalivuta, likakwangua sakafu kwa ile kelele yake ndefu ya chuma na saruji, na Kimya akaingia bila kukanyaga chini.

Alipogeuka, binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kiganja mdomoni.

"Hiyo," alisema. "Hiyo naijua. Nilikuwa chumbani na madaftari yangu, nasikia geti. Kila siku. Nikisikia geti nilijua mko wote. Nilikuwa natoka kuja kula." Alishusha mkono. "Nilikuwa nakusikia wewe."

Mzee Gundi alilitazama geti, kutu yake, bawaba iliyolegea ambayo kila mwaka alipanga kuitengeneza. Hakuna mahali alipokuwa ameiandika kelele hiyo. Haikuwa na bahasha.

Kimya aliondoka, na safari hii walimsikiliza akienda, mpaka mlio ukachanganyika na milio mingine ya mji na haukuweza tena kutengwa. Mzee Gundi alilifunga geti mwenyewe kutoka nje, jambo ambalo mkono wake haukulijua vizuri. Ilibidi alinyanyue kwa kulia.

Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaingia.

"Baba, kaa mbele basi. Mbele kuna nafasi."

"Nimezoea nyuma."

Binti alimtazama kupitia kioo kidogo, akaacha. Waliendesha mpaka konani, naye akapunguza gia kabla ya kukata kona, na gari likapita kimya kabisa, kama magari mapya yapitavyo.

"Niulize kitu?" alisema baada ya mitaa kadhaa. "Sikulaumu. Nataka tu kujua. Miaka miwili na miezi saba, na pesa zote zile, kwa mlio wa dakika moja. Ilifaa?"

Mzee Gundi alikuwa ameweka mapajani bahasha moja ambayo hakuwa ameitia sandukuni, ile yenye koti la mvua. Alifikiri kwa uangalifu, kwa sababu lilikuwa swali zuri na alitaka kulijibu kwa usahihi.

"Haifiki dakika," alisema.